Naomba uzoefu: hii migahawa ya tambi za Kichina mnakulaje bila kuaibika wala kulala njaa?

MamaSpea_Kabwe

Wakuu habari za humu, poleni na baridi, hapa Mbeya leo hata jua limeogopa kutoka. Nina swali naomba msinicheke ingawa najua mtanicheka tu.

Nauza spea za bodaboda hapa Kabwe, miaka yote nachukua mzigo Kariakoo kwa mtu ambaye na yeye anachukua Guangzhou, sasa mwaka huu nimesema basi, naenda mwenyewe Oktoba kwenye yale maonyesho ya biashara ya Canton huko huko Guangzhou, China, Mungu akipenda. Pasipoti ninayo, viza inashughulikiwa, hela ya mzigo ipo mahali (mume wangu hajui wapi hahaha). Kinachonitisha ni chakula.

Iko hivi. Mwaka jana nikiwa Dar mteja wangu mmoja mkubwa alinialika mgahawa wa Kiasia huko Masaki, jina naliacha. Ikaletwa bakuli kama beseni la kuogeshea mtoto, ndani supu, tambi ndefu, majani, na vijiti viwili. Uma hakuna. Kuomba uma nikaona aibu maana mteja na mkewe wanakula kama wamezaliwa Beijing, basi nikawa navua tambi moja moja, wenzangu wanamaliza mimi nipo tambi ya sita na supu imeshapoa, nikasema jamani nimeshiba. Kutoka pale nikapita Kinondoni nikala chipsi mayai ndani ya bajaji. Sasa kilichoniuma zaidi, ile nyama iliyokuwa juu juu nilikuja kuambiwa baadaye kumbe ni kitimoto, na mimi ni Msabato, sili kitimoto wala kamba wala vitu vya namna hiyo.

Huko nakaa siku 12. Nasikia kila kona ni tambi tu. Mliofika huko au miji mingine ya Asia, mnaingiaje, mnaagizaje, mnajuaje kilichomo, na kwa kweli mtu anashiba?

Mkinga_wa_Barabarani

Kamwene dada. Mimi nimeenda Guangzhou mara 4, tambi sijui zina ladha gani. Beba unga kilo 5, beba usipa mkavu, nunua kijiko cha kusongea hapo hapo Mwanjelwa, ukifika tafuta chumba chenye jiko. Mtu hafuati tambi China, anafuata mzigo. Shilingi unayokula ni shilingi ambayo haijanunua spea.

Mwakyusa_Mstaafu

Huyo ndio Mkinga sasa, hata akienda mbinguni atauliza bei ya jumla.

Nilisoma_Kanton

@MamaSpea_Kabwe ugonile dada. Huyo hapo juu usimsikilize, na huo usipa wake ulizia kwanza forodha ya China kabla hujaubeba, maana nyama hawaruhusu kuingiza kwenye begi, wakikukuta nayo uwanja wa ndege inaachwa pale pale. Mimi mtu wa Tukuyu, nimekaa Guangzhou miaka minne nasoma, nitakueleza kwa urefu kwa sababu hiyo aibu yako ya Masaki naijua, na kosa halikuwa lako.

Kosa ni kwamba Dar tunapelekwa kula tambi kwenye viti vya ngozi, taa hafifu, mhudumu kasimama nyuma yako kama askari. Kwao tambi sio chakula cha hivyo hata kidogo. Mgahawa wa tambi kwao ni mama ntilie. Ni kachumba kadogo, meza sita saba, mtu anaingia anakula dakika kumi na tano anatoka, hakuna anayemwangalia mwenzake anakulaje. Wewe ukienda pale Mwanjelwa saa moja asubuhi kula supu ya ng'ombe na chapati kuna mtu anakutazama unavyoshika chapati? Basi ndio hivyo hivyo. Na supu yenyewe ni asubuhi kweli, ule mji wa Lanzhou huko kaskazini magharibi, jimbo la Gansu, watu wanaamka na bakuli la tambi za nyama ya ng'ombe kama sisi tunavyoamka na supu.

Hiyo Lanzhou ishike kichwani maana ndiyo itakayokuokoa. Tambi za Lanzhou ni chakula cha Waislamu wa Kichina wanaoitwa Wahui. Nyama ni ng'ombe, wakati mwingine kondoo, kitimoto hakiingii mlangoni. Vimigahawa vyao vipo kila mji wa China na Guangzhou vimejaa, utavijua kwa kibao mara nyingi cha kijani chenye maandishi haya 清真, mara nyingi na Kiarabu pembeni, na wahudumu wamevaa kofia nyeupe au mtandio. Piga picha hayo maandishi mawili weka kwenye simu. Siri ndogo: kibao kinasema Lanzhou lakini wenye duka wengi sio wa Lanzhou, ni watu wa Hualong jimbo la jirani la Qinghai. Ni kama mchele wa Kyela unaouzwa Dar, mwingine Kyela haujawahi kuiona. Lakini mtamu.

Ukiingia simama kidogo umwangalie yule jamaa wa unga, hiyo peke yake ni nauli. Anachukua bonge la unga wa ngano uliokandwa anavuta anakunja katikati, anavuta anakunja, hana kisu hana mashine. Kila akikunja nyuzi zinazidi mara mbili, kwa hiyo mara 8 tu anakuwa na nyuzi 256 mkononi, sisi shuleni tuliteswa na vipeo miaka mingi kumbe angeletwa huyu jamaa darasani. Anatupa kwenye maji yanayochemka, dakika haiishi anaopoa, anamwagia supu safi unaona mpaka chini ya bakuli, vipande vya figili nyeupe, giligilani na majani ya kitunguu saumu, na mafuta mekundu ya pilipili. Hapo kwenye mafuta mekundu ndugu yangu anza na kijiko nusu.

Unachagua na unene wa tambi, kuna nyembamba kama unywele mpaka pana kama mkanda. Kwa mtu mgeni wa vijiti chukua zile pana au za wastani, zinakamatika. Zile za unywele ndizo zilizokuaibisha Masaki. Kuagiza unasema "niurou mian", hiyo mian tamka "myen", maana yake tambi za nyama ya ng'ombe. Na picha zipo ukutani, nyoosha kidole tu, nimenyoosha kidole mwaka mzima wa kwanza sikufa.

Kushiba? Bakuli ni kubwa, nyama wanaweka vipande vyembamba hivyo ongeza sahani ya nyama au yai. Wakati wangu bakuli ilikuwa yuani 15 hadi 20 na kidogo, hesabu kama elfu sita mpaka nane ya kwetu.

Sasa ya kukwepa. Wenyeji wa Guangzhou wenyewe wana tambi zao, nyembamba za njano zina mayai ndani, zamani unga wake unakandwa fundi akiwa amekalia mwanzi mrefu anaruka ruka juu yake (watu wa ulanzi mtaelewa mapenzi ya mwanzi). Zinaliwa na vile vitu kama sambusa ndogo za kuchemsha wanaita wantani. Tamu mno lakini kwako hapana, ndani ya wantani ni kitimoto na kamba pamoja, na ile supu nayo kwa kawaida imechemshwa na mifupa ya kitimoto. Hili wengi hawalijui, wanaona hakuna nyama juu wanasema salama, kumbe supu ndiyo yenye mambo yote.

Chuma_Ulete_Uyole

Hivi mnajadili Indomie kwa urefu wote huu? Tambi ni chakula cha wagonjwa na wanafunzi wa chuo mwisho wa mwezi.

Nilisoma_Kanton

@Chuma_Ulete_Uyole hizo za pakiti ni kitu kingine kabisa mkuu, zimekaangwa kwenye mafuta zikakaushwa, ilianza Japani 1958 jamaa anaitwa Momofuku Ando ndiye aliyeitoa sokoni. Indomie yenyewe ni ya Indonesia. Kuita tambi za Lanzhou Indomie ni kama mtu wa nje aonje krispi za ndizi za dukani aseme ameshakula mbalaga, zile ndizi zetu za kupika.

KoziYaMieziMitatu

Mimi China sijafika, nilienda Japani kwa kozi ya kazini, mji wa Fukuoka. Naongezea kwa wale watakaopita huko maana utaratibu ni tofauti kabisa na nilijiaibisha vizuri tu.

Siku ya kwanza nimeingia mgahawa wa rameni, hiyo ni tambi ya Kichina ambayo Wajapani wameichukua wakaifanya yao, nimekaa kwenye kiti, nimekaa, nimekaa, hakuna anayekuja. Nikaanza kufikiria mambo ya rangi. Kumbe mlangoni kuna mashine, unatia hela kwanza unabonyeza kitufe inatoa tiketi ndogo, hiyo ndiyo unampa mpishi. Yule mzee alikuja akanishika mkono taratibu akanipeleka kwenye mashine kama mtoto anayepelekwa chekechea. Kama huelewi maandishi, mara nyingi kitufe cha juu kushoto ndicho chakula chao kikuu, bonyeza hicho.

Halafu kuna kelele. Wanafyonza tambi kwa sauti, mtu amevaa tai na suti anafyonza kama anavuta maji kwenye bomba, na hamna shida, ndivyo tambi ya moto inavyoliwa. Bibi yangu wa Kidugala angewachapa wote. Mwanzo nilikuwa nakula kimyakimya naungua ulimi, baadaye nikaelewa, ukifyonza unaingiza na hewa inapoa.

Pale Fukuoka mtaa wa Hakata, tambi zao nyembamba na unaulizwa unataka ngumu kiasi gani, ngumu wanasema "kata". Mimi nimesikia kata nikadhani wanauliza kama wazikate, nikasema ndiyo ndiyo. Nikaletewa tambi zinazogoma kama waya. Lakini ukimaliza tambi na supu ikabaki unaagiza tambi peke yake kwa hela kidogo wanakutilia humo humo, kwa hiyo suala la njaa halipo, mimi nilikuwa naongeza mara mbili.

Ila dada Msabato rameni nyingi hazikufai, hasa hiyo ya Hakata, supu nyeupe kama maziwa ni mifupa ya nguruwe iliyochemka masaa na masaa. Chukua udoni, ni tambi nene za ngano, mchuzi wake kwa kawaida ni wa samaki mkavu na mwani. Uliza tu juu wameweka nini.

Baharia_wa_Ziwa_Nyasa

Wanyakyusa tupo mpaka baharini, mimi meli zangu zinatia nanga Singapore mara kwa mara. Pale wana masoko ya chakula, ukumbi mmoja una vibanda hata mia, kila kibanda kinapika kitu kimoja tu na mzee amekipika hicho kimoja miaka thelathini. UNESCO waliuingiza utamaduni huo kwenye orodha yao ya urithi 2020, na kuna kibanda cha tambi kilipewa nyota ya Michelin, ile tuzo kubwa ya migahawa, 2016, cha kitimoto lakini, samahani dada.

Sasa vituko. Unaona meza tupu ina kipakiti cha tishu juu yake, unasema mtu kasahau, unakaa. Weee. Ile tishu ndiyo mwenye meza. Mtu ameacha tishu yake akaenda kupanga foleni na hakuna anayegusa, na wengine wanaacha hadi mwavuli au kadi ya kazi. Nikawaza stendi yetu ya Nanenane uache tishu uende foleni, ukirudi hukuti tishu, hukuti meza, na jirani anakuambia hajaona mtu. Na ukimaliza kula unarudisha trei mwenyewe, tangu 2021 ukiiacha mezani unaweza kulimwa faini. Trei za chakula halali zinarudishwa sehemu yake na zingine sehemu yake, usichanganye.

Tambi ya pale tafuta laksa, supu ina tui la nazi na pilipili, ukifumba macho unasema hii imepikwa Tanga. Ina kamba kawaida, lakini vibanda vya Wamalay na Wahindi utapata vingine vya kuku.

MamaSpea_Kabwe

Ndaga fijo jamani, kumbe humu kuna watu. @Nilisoma_Kanton hayo maandishi mawili nimeshayapiga picha nimeweka mpaka kwenye skrini ya mbele, mume wangu anauliza nimejiunga na nini. Nina mawili tu. Malipo inakuwaje maana nasikia hawapokei hela taslimu. Na nikiwa sehemu ambayo hakuna hao wa kibao cha kijani, tuseme huko kwenye maonyesho, nafanyaje?

Nilisoma_Kanton

Hela taslimu kwa sheria wanatakiwa wapokee, shida yake ni chenji, yule wa kibanda hana chenji kwa sababu miezi inapita hashiki noti. Watu wanalipa kwa simu, kwa programu za WeChat au Alipay, kuna karatasi ya msimbo mezani au ukutani unaskani unaandika kiasi unamwonyesha. Ni lipa namba ile ile uliyobandika kwenye duka lako. Zamani wageni tulikuwa tunahangaika lakini sasa hivi kadi ya Visa au Mastercard ya nje unaiunganisha kwenye Alipay, ila fanya hayo ukiwa bado Mbeya, sajili pasipoti, hakikisha benki yako imefungua malipo ya nje, usisubiri ufike uanze kupiga simu huduma kwa wateja. Sehemu nyingine hata menyu ni ya kuskani, hakuna kitabu. Na kumbuka vitu vya Google na WhatsApp kule kwa laini ya kwao havifunguki, kwa hiyo programu ya kutafsiri pakua mapema na Kichina chake kabisa kikae kwenye simu kifanye kazi bila bando.

Sehemu isiyo na kibao cha kijani andika hii sentensi uioneshe, 我不吃猪肉, mimi sili nyama ya nguruwe. Lakini nakwambia ukweli, mpishi ataondoa nyama ya juu, supu haondoi. Kwa hiyo hapo usiagize tambi za supu, agiza za kukaanga na mboga na yai, na bado uliza mafuta. Huko ndani ya maonyesho chakula ni ghali na foleni ndefu, kula asubuhi vizuri kabla hujatoka. Na ukiona umechoka kabisa nenda mtaa wa Xiaobei, Waafrika wamejaa, Waislamu wa kila nchi wamejaa, utapata wali na nyama na utasikia hadi Kiswahili.

Halafu nisisahau, ukikaa mgahawa wa wenyeji wanaokunywa chai utaletewa birika la moto na bakuli kubwa tupu. Lile la kwanza sio la kunywa!! Unasuuzia vikombe na vijiti vyako unamwaga kwenye bakuli. Mimi nililinywa lile la kwenye bakuli. Nikasema chai ya kwao nyepesi.

Mwakyusa_Mstaafu

Hahahaha nyepesi. Umekulia kwenye mashamba ya chai Tukuyu unakunywa maji ya kuoshea vyombo.

Ticha_wa_Kihesa

Kamweneee. Mimi wa Iringa, na msianze ule utani wenu wa Wahehe na nyama, nimewaona mnavyonyemelea. Nachangia vijiti tu kwa sababu hapo ndipo dada anapokwama na wote mmeruka.

Kijiti cha chini hakitembei. Kilaze kwenye mfereji wa kidole gumba, kitegemee kidole cha pete, kikae kama kimekufa. Cha juu ndicho unakishika kama kalamu na ndicho peke yake kinachofungua na kufunga. Watu wanahangaika kwa sababu wanatembeza vyote viwili. Anza na viazi vya kuchemsha vilivyokatwa, ukiweza hamia kwenye kande, ukiweza kuokota punje ya mahindi na maharage kwenye kande wewe tambi utaziokota umelala. Mimi wanafunzi wangu niliwafundisha kwa penseli mbili. Na kwa tambi usibebe juu juu kama unapandisha ndoo kisimani, sogeza bakuli, inamisha kichwa, kamata kidogo, vuta, kijiko mkono wa kushoto kwa ajili ya supu. Kingine, usichomeke vijiti vikasimama kwenye wali, kwao ni alama ya msiba, inafanana na ubani wa kuombea marehemu.

Na dada, uma ukiutaka omba. Hawana hata habari.

Mkinga_wa_Barabarani

Mimi bado nipo kwenye unga. Ila hiyo ya elfu sita bakuli na nyama... nitafikiria.

Chuma_Ulete_Uyole

Dada tunasubiri mrejesho na picha, la sivyo tutasema uliishia Tunduma.

MamaSpea_Kabwe (baada ya wiki kadhaa)

Mrejesho kutoka Guangzhou, nimepata intaneti ya hotelini. Siku ya kwanza niliogopa nikala biskuti. Siku ya pili nimetoka saa moja asubuhi nikazunguka nyuma ya hoteli nikaona kibao cha kijani, nikalinganisha na picha kwenye simu herufi kwa herufi kama mtu anayehakiki hundi, nikaingia. Mama mwenye duka kavaa mtandio, ananiangalia namwangalia, nikasema niurou myen, akajibu kitu kirefu, nikarudia niurou myen, akacheka akaenda. Nilisimama nikamwangalia yule kijana wa unga mpaka nikasahau kukaa.

Vijiti nilifanya mazoezi na kande mwezi mzima watoto wakawa wanakimbia jikoni, nikamaliza bakuli lote kwa vijiti na supu nikainywa. Nilichagua zile pana. Mafuta mekundu nilitia vijiko viwili kwa sababu mimi ni mtu wa Mbeya nikajiona najua pilipili, nikatokwa machozi na yule mama akaniletea maji ya moto, moto kweli yaani, sijui alikuwa ananisaidia au ananimalizia.

Nimeshaenda mara tano. Leo nimefika kabla sijasema kitu ameniletea. Spea nazo nimepata, hizo nitaanzishia uzi wake.

@Mkinga_wa_Barabarani kuna kaka hapa wa Makete chumba cha pili, kabeba unga. Ameuliza naenda wapi kila asubuhi, kesho nampeleka.